Kilima cha Ua la Shaba

Ashukuriwe Mungu anayelivika hata ua la porini, aliyenipa miaka ya kutosha niliseme jambo hili nililolificha.

Harufu ya nyasi zilizochomwa bado hunirudisha kwenye majuma yale kabla ya mvua, wakati wa Zaire, nilipokuwa na miaka kumi. Tulikaa Lubumbashi, mtaa uitwao Kenya. Kila Jumamosi asubuhi Mwalimu Kalenga, katekista wetu, alitukusanya watoto wapatao ishirini na kututembeza porini, ng'ambo ya mtaa wa Ruashi, kutazama maua yanayoitangulia mvua. Ardhi ilikuwa nyeusi kwa moto, na humo yalichomoza maua mekundu, ya njano na meupe, mengine bila hata jani moja. Sheria ilikuwa hii: hakuna kuchuma. Aliyeona ua jipya alisimama kando yake na kutuita, tukalizunguka, naye akamshukuru Mungu kwa niaba yetu sote. Mimi nilipiga magoti na kunusa kila moja, na rafiki yangu Ngoie alinicheka.

"Weye unanusa kama mbuzi. Utaota mapembe."

Jumamosi moja tulifika kwenye kilima kisicho na mti, nyuma ya shamba la mama yake Mwalimu. Kilima kizima kilikuwa cha zambarau. Mwalimu alitueleza kwamba lile ni ua la shaba, linalostawi penye udongo wa shaba nyingi ambapo miti hushindwa. Kisha akatuomba tusimwambie mtu. Watu wa mgodi wanalijua ua hilo, alisema, na mama yake hana shamba jingine.

Baba yangu alikuwa katika kikosi cha mgodi kilichotafuta shaba mpya. Kazi yake ilikuwa kubeba mifuko ya udongo. Miezi ile alirudi nyumbani kimya, kwa kuwa hawakuwa wamepata kitu na mkuu wao aliwatukana kila siku. Nilimhurumia. Kabla hatujaondoka kilimani nikachuma ua moja, nikalibana ndani ya daftari la katekisimu, na jioni nikampa. Aliligeuzageuza mkononi kwa muda mrefu.

"Ulitoa hii wapi, mama?" aliniuliza mimi bintiye kwa upole.

Nikamwambia. Siwezi kusema nilisahau ombi la Mwalimu. Nilitaka baba yangu acheke tena.

Naye alicheka. Haukupita muda, vigingi vyekundu vikasimama kilimani, kisha mashine zikaja. Mama yake Mwalimu aliondolewa kabla hajang'oa mihogo yake. Akahamia kwa mwanawe, katika chumba kimoja, na kutwa nzima alikaa mlangoni, jembe likiwa kando ya mguu wake.

Jumamosi iliyofuata kuondolewa kwake, Mwalimu alitukusanya kama kawaida.

"Batoto, kama kuko mwenye iko na neno, aniambie. Sitamupiga."

Akangoja. Ngoie, aliyeniona nikichuma, alinitazama mimi. Mimi nilitazama miguu yangu. Mwishowe Mwalimu akasema twende, akatuongoza kwa njia nyingine, wala hakuuliza tena. Nilimwungamia padri. Mwalimu mwenyewe sikumwambia, na sasa amekwisha kufa.

Kilima kile leo ni shimo lenye maji ya kijani. Mimi ninakaa Ruashi, karibu na mgodi, na mwaka huu mboga za lengalenga nilizopanda nyuma ya jiko zilinyauka zote. Mahali pake liliota ua la zambarau. Mjukuu wangu aliniita kwa furaha, mkono umekwisha kunyooshwa alichume. Sikuwa na haja ya kulinusa. Nilijua udongo wangu umepata nini kutoka mgodini. Zamani tulitembea asubuhi nzima kulifuata ua hilo, na sasa limenifuata mpaka jikoni.

Nilimwambia mtoto asilichume, asimame kando yake. Kisha nikamsimulia yote, na jina la Mwalimu nikalitaja.

Wewe uliyesoma haya, Mungu akupe moyo wa kusema neno lako wakati anayelingoja bado amesimama mbele yako, na udongo wako uzae.