Mchele Wenye Bahati

Mimi kwa mchele simwamini mtu. Akija muuzaji hapa kwenye mgahawa wangu Kharumwa, nazamisha mkono hadi chini ya gunia, maana juu wanaweka wa kuonyeshea. Natafuna punje mbichi. Halafu napika kikombe kimoja na kumwambia muuzaji aanze kula yeye.

Siku moja tu nilizembea. Nilikuwa nawahi msiba, mfanyabiashara mmoja akashusha gunia, nikapokea bila hata kulifungua. Mchana wachimbaji wa dhahabu wanaokula kwangu wakatafuna mawe kwenye wali. Kiongozi wao alishika shavu akanitukana mpaka nikakosa pa kuweka uso.

Jioni ile ile duara lao, shimo wanalochimba, likatema dhahabu.

Asubuhi kiongozi akaja anacheka, ananiita mama kwa Kisukuma. "Mayu, mchele ule ule. Usibadilishe!"

"Ule wa mawe?"

"Huo huo. Ukibadilisha, tunahamia ng'ambo ya barabara."

Jamani! Wale ndio wateja wangu karibu wote. Wakihama nazima jiko, na nina watoto wawili sekondari. Nikaendelea kununua mawe.

Mfanyabiashara naye akapata habari, akavimba kichwa. Akapandisha bei, mawe yakaongezeka, hata salamu akawa anangoja nimwanze mimi. Hapo nikasema hapana, huyu hanijui. Nikapanda basi hadi Samuye, kwa mama mmoja anayelima mpunga wake mwenyewe. Nikazamisha mkono, nikatafuna, nikapika. Mchele unanukia mpaka nikataka kulia. Nikaununua, na nilipofika nyumbani nikaumimina kwenye gunia la yule bwana ili wateja wasishtuke.

Siku ya kwanza kiongozi akatafuna, akatafuna, akaacha.

"Mayu, umebadilisha mchele."

"Nani, mimi? Gunia si lile pale!"

"Sijakutana na jiwe hata moja."

Wote wakaweka vijiko chini wakanitazama. Sikulala vizuri. Alfajiri nikatoka nyuma ya jiko nikaokota changarawe. Nilizisugua kwa sabuni na kuzisuuza mara tatu, kisha nikazichemsha na chumvi, maana mimi si mchafu. Nikatia sita kwenye sufuria. Najua ni wazimu, lakini nilitia.

Mchana nikasikia krrr! Kiongozi akashika shavu, akatabasamu. "Haya sasa! Huu ndio wenyewe." Meza nzima ikapiga makofi, na mimi nikapumua.

Tukaenda hivyo wiki kadhaa. Kisha yule mfanyabiashara, kuona sinunui tena kwake, akaja kupeleleza. Akaagiza wali maharage, akakaa meza moja na wachimbaji. Kijiko cha tatu, krrr! Akatema jiwe mkononi, akaligeuzageuza, akanitazama kwa huruma ya kweli kabisa.

"Mama, siku hizi unanunua wapi? Huyo anakuibia. Mchele unakaguliwa kwanza, mama. Unazamisha mkono mpaka chini. Hukufundishwa?"

Mimi! Kuambiwa hivyo na yule! Damu ilinichemka, neno likafika kwenye ulimi. Lakini wachimbaji walikuwa wameacha kula, wanasikiliza jibu langu.

"Kweli baba," nikasema. "Sijui kuchagua." Nikamwongezea wali.