Gurudumu Lililonasa kwa Ndizi Mbivu

Wajukuu wangu wana magari ya rimoti. Letu, kule Muleba miaka ya mwanzo ya ujamaa, liliendeshwa kwa fimbo ndefu iliyofungwa kwenye ekseli ya mbele. Gari lilikimbia mbele yako, nawe ukaligeuza ukiwa umesimama wima nyuma yake. Bodi ilikuwa ya waya, magurudumu ya mti, na ekseli ni njiti za mwavuli uliovunjwa na upepo wa ziwani.

Lilikuwa la kaka yangu. Jumatatu alikuwa anakwenda shule ya bweni Rubya, na watoto wa jirani walishaanza kulimezea mate.

"Nitakuachia wewe," aliniambia, "ukiweza kulitengeneza mwenyewe. Usipoweza nawapa wao. Gari bovu la nini?"

Gurudumu moja lilikuwa linalia, nikaona hapo ndipo pa kumwonyesha kuwa naweza. Nilikuwa nimewaona wanaume wakikanyaga ndizi mbivu kwenye mtumbwi wa kukamulia rubisi, pombe yetu ya ndizi, na jinsi miguu yao ilivyoteleza. Basi nikapaka ekseli ndizi. Jioni ile gari lilikwenda kimya kabisa. Asubuhi gurudumu lilikuwa limenasa: ndizi imekauka ikawa gundi, na sisimizi wamejaa.

"Umelilisha ndizi?" kaka alicheka. "Msimu wa panzi senene ukifika ulilishe na hao."

Nikaokota jiwe nigonge. Akanishika mkono.

"Ukigonga njiti itapinda, na mwavuli mwingine hatuna. Jiulize kwanza limeshikwa na nini." Akaondoka, akaniacha nalo.

Nikakaa nikafikiri. Utamu wa ndizi huyeyuka kwa maji ya moto, lakini mti ukinywa maji huvimba na kubana zaidi. Kwa hiyo nilidondosha maji kidogo tu, pale njiti inapoingia, nikayafuta na kitambaa, kisha nikaliweka gari karibu na mafiga mti ukauke. Ndipo nikaanza kuzungusha, huku kidogo, kule kidogo, bila kuvuta. Gurudumu likisogea hata unywele, usilikimbilie. Lirudishe, uzungushe tena, litakuja lenyewe. Lilipotoka nikasugua njiti kwa jivu na kuipaka nta ya mshumaa.

Jumapili baada ya misa kaka alilisukuma gurudumu kwa kidole. Likazunguka, likazunguka. Hakunisifu. Aliwageukia watoto wa jirani waliokuwa wakingoja uani.

"Nendeni nyumbani. Lina mwenyewe."

Jumatatu nilimsindikiza hadi barabarani, gari langu likitangulia. Tulipofika katikati ya migomba ya mwisho akasimama na sanduku lake kichwani.

"Dada, niazime kidogo."

Nikampa fimbo, nami nikajitwika sanduku. Akalikimbiza gari mpaka barabarani, akalirudisha, akalikimbiza tena. Gari la abiria lilipopiga honi kwenye kona, bado alikuwa hajaniachia fimbo.