Mkeka wa Mwanne Upande wa Moshi

Kaimu wa Nandagala alikuwa fundi wa kuchoma mashamba, na mtu yule alijisifu, jamani! Ukishafyeka pori lako na miti ikakauka, unamwita yeye. Marehemu baba yake aliwahi kuwasha moto ukavuka mpaka, ukala ghala la mtama la jirani. Tangu hapo watu wakashika neno: hapachomwi shamba mpaka mke wa mchomaji aketi kule moshi unakoelekea. Kama ana hakika na moto wake, ataogopa nini?

Basi tangu aolewe, kila kiangazi Mwanne, mke wa Kaimu, alitandikiwa mkeka nje ya mpaka. Moto unawashwa, moshi unamfunika, watu wanatulia. Ukiisha, Kaimu anamfuata akicheka.

"Mama Zena, moto umekugusa?"

"Haujanigusa, Baba Zena."

Hapo Kaimu huwageukia watu na kifua mbele. Hata upindo wa khanga haujaungua! Na alisema kweli.

Mwaka ule matrekta ya mradi wa karanga wa Waingereza yalipoanza kunyamaza Nachingwea, Mwanne akaanza kulala ameketi. Akijinyoosha tu, pumzi inakata. Majirani wakanong'ona uchawi, Kaimu akaamini, akahangaika na waganga mpaka Mandawa. Walipofika hospitali ya misheni walikuwa wamechoka. Muuguzi, Dorotea, akamsikiliza kifua.

"Mama, kifua hiki kimejaa moshi. Unaupatia wapi?"

Aliyejibu ni Kaimu, akaeleza habari za mkeka kwa sauti ndogo.

"Basi akae mbali nao," akasema Dorotea. "La sivyo, masika ijayo hataiona."

Wakarudi nyumbani. Hawajapumzika, jirani yao Mzee Mbaruku huyo mlangoni. Shamba lake limekauka, mvua inanukia, asipochoma sasa watoto watalala njaa.

"Nakuja," Kaimu akasema. "Ila Mwanne hataketi mkekani. Nitaketi mimi."

"Na moto awashe nani?"

"Mwanne."

Lo, walivyocheka shambani siku ile! Mwanamke awashe shamba? Kaimu akawakatiza.

"Huyu ameutazama moto wangu usoni miaka yote. Mimi nauona mgongo tu. Mnataka kuchoma, hamtaki?"

Wakampisha. Mwanne akasimama upande unakotoka upepo, akarusha vumbi kidogo, akangoja, akarusha tena. Kisha akainama na kijinga chake cha moto, akawasha.

Moshi ulimfikia Kaimu kwa mkupuo. Macho yakawaka, kifua kikagoma. Miguu ilitaka kukimbia. Lakini akikimbia yeye, wote watatawanyika, na atakayelaumiwa ni mkewe. Maskini Kaimu akashika pembe za mkeka kwa mikono miwili, akakaa, akalia kama mtoto, na moshi haukuwa sababu peke yake.

Moto ukakoma mpakani. Mwanne akazunguka taratibu kwenye hewa safi, akasimama mbali kidogo na mkeka.

"Baba Zena, moto umekugusa?"

Kaimu akafungua mdomo, kikohozi kikamkunja. Akatikisa kichwa: haujamgusa. Alipopata pumzi akamtazama.

"Mwanne, miaka yote hii! Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza moto, mume wangu. Moshi hukuniuliza hata siku moja."