Siku Tumbo la Mama Liliposhukiwa Kuzima Gari

Kwetu Mugango ilisemwa kwamba mtoto wa tumboni akikataa kuzaliwa mjini, anazima gari. Nilikuwaga naamini kuliko katekisimu. Hata leo nikinusa petroli, naliona gari la mjomba limezimika njia ya Musoma, mama kiti cha nyuma ameshikwa na uchungu, nami nalibembeleza tumbo: "Mdogo wangu, kubali! Samaki wangu wote wa sato ni wako!"

Mjomba akawasha swichi, akatega sikio. "Pampu ya mafuta hailii." Akachomoa rilei ya honi, kidude cha kupitisha umeme, akaipachika mahali pa ile ya pampu. Chini ya kiti pampu ikavuma, gari likawaka. Nikashangilia mpaka Bunda wakasikia.

Mama akacheka huku ameuma meno. "Mtoto hajakataa kitu, mwanangu. Rilei ndiyo iliyoungua."