Siku Nilipofagia Shamba la Mahindi

Kosa langu lilikuwa kuyaogopa macho ya watu kuliko kuujali mgongo wa mdogo wangu. Nalitaja mapema ili msomaji asinihurumie.

Mdogo wangu ni mjane, na hulima mahindi peke yake Kidichi, katika shamba tuliloachiwa na mama. Mimi nasomesha mjini. Masika moja nilikwenda kumtazama, nikakuta ametandaza kati ya mistari ya mahindi matawi yaliyokatwa vipande pamoja na majani yake, hata udongo hauonekani. Alifundishwa na jirani, seremala mwenye asili ya bara, ambaye pia humpa matawi anapopogoa miti ya ua wake.

"Hili shamba au jaa?" nilimuuliza.

"Jaa hilo ndilo linalonipumzisha, kaka. Magugu ya ndago hayaoni jua, hayaoti. Jembe nshalitundika."

Lakini Ijumaa ya wiki ile tulikuwa na khitma ya mama, na wageni wangepita kando ya shamba hilo kuingia nyumbani. Sisi hufagia uwanja mpaka mchanga ukabaki na alama za ufagio. Takataka mbele ya nyumba ni aibu ya mwenyewe. Nikamwamuru ayaondoe.

"Kwani wanakuja kumsomea mama au kukagua mahindi?"

Nilikaza uso. Mimi ni mkubwa wake, na hakuwahi kunibishia. Akainama, tukalifagia shamba kama uwanja, na matawi, ambayo yalikwisha kunyauka, nikayachoma kwa mkono wangu.

Wageni walisoma, wakala, wakaondoka. Sikumbuki hata mmoja aliyelitupia shamba jicho.

Nilirudi mjini kwenye vitabu vyangu, na mvua ikaendelea kunyesha. Nilipokwenda tena baada ya wiki kadhaa, ndago ilikuwa imeyazonga mahindi. Mdogo wangu alikuwa ameipalilia kila siku tangu alfajiri, ikiota nyuma yake. Alitaka kuinuka kunipokea. Mgongo ukakataa kunyooka. Shambani alikuwamo seremala na toroli lake, akitandaza matawi mapya.

"Mwalimu," alisema bila kuacha kazi, "ulilivua nguo shamba, tena mvuani."

Nikachukua fungu la matawi, nikaanza kutandaza.

"Usiyabananishe na mashina," alinisahihisha. "Yaache yapumue."

Mahindi yalipona. Mgongo haukupona, na mpaka leo mdogo wangu husali juu ya kiti. Kila nimwonapo akileta takbiri hali ameketi, nasikia sauti yangu ikiuliza habari ya jaa.

Hajanilaumu hata siku moja. Ila siku hizi nikibisha hodi huniita mwalimu, kama waniitavyo watu wote. Na seremala akipita na toroli lake nje ya ua, huyo ndiye anayemwita kaka.