Hoteli Tulimokula kwa Siri

Mpaka leo, nikipita penye chai ya maziwa iliyoachwa jikoni hadi ikashika kwenye kingo za sufuria, ile harufu ya iliki iliyochanganyika na kuungua kidogo, huwa narudi nyuma mpaka mgongo uguse ukuta. Ni woga wa mtoto wa miaka tisa, na umekaa palepale ulipokaa, kana kwamba haujapata habari kuwa mimi sasa ni mtu mzima mwenye jiko langu.

Tulihamia Lindi mjini mama alipoolewa na Bakari. Kabla ya hapo tuliishi Somanga, kando ya barabara kuu, na mama alikuwa akiuza samaki wa kukaanga pale mabasi yanaposimama. Mliowahi kupita njia ile mnajua: basi halijatulia, madirisha yote yameshajaa masinia. Mama alikuwa na sauti. Aliweza kumwita abiria wa kiti cha nyuma kabisa mpaka akaamka usingizini na kununua changu mzima ambaye hakuwa na mpango naye. Bakari alikuwa dereva wa lori, akisafirisha korosho na ufuta kwenda Dar es Salaam. Alinunua samaki kwa mama msimu mzima, kisha akaja na wazee wake kuposa.

Sitaki mumwone Bakari kama zimwi. Hakuwahi kuinua mkono juu yetu. Alininunulia viatu vya shule hata kabla uhamisho wangu wa shule haujapatikana, na nilivivaa sebuleni nikizunguka meza. Ila alikuwa na neno moja, akilisema kwa upole kama mtu anayekufunika shuka: "Mke wangu hatembei." Kutembea, kwa maana yake, ni kutoka mlangoni. Kabla ya kila safari alikwenda sokoni mwenyewe, akajaza ndani mchele, nazi, unga na samaki wakavu, kisha akaondoka moyo wake umetulia.

Nyumba yake ilikuwa sehemu ya Ndoro, mlemle mjini, imebanana na nyumba nyingine kiasi kwamba dirisha la chumba chetu lilitazamana na ukuta wa jirani. Mji tuliujua kwa masikio na pua. Asubuhi mapema vilikuja vitumbua. Karibu na adhuhuri, vitunguu vya watu wengine vikikaangwa. Alasiri ilipita kahawa, na vikombe vya muuzaji vikigongana mkononi mwake. Jua likielekea kuzama ilikuja harufu ya mishkaki, nayo ilikuwa mbaya kuliko zote, maana iliingia dirishani ikakaa na sisi kama mgeni asiyejua kuaga. Mama alikuwa akisimama pale dirishani, anautazama ule ukuta. Mwanamke aliyeshindana na honi za mabasi alianza kuongea kwa sauti ya mtu aliye msibani.

Mlango wa mbele ulikuwa na kufuli, lakini kufuli halikutumika, kwa sababu alikuwepo Bi Somoe. Huyu alikuwa mama mzazi wa Bakari. Alikaa mkekani pale kizingitini kutwa nzima, akisuka ukili wa mikeka, miguu ameinyoosha mbele yake mpaka ikafika upande wa pili wa njia. Ukitaka kupita ilikubidi umruke, na nani anamruka mkwe wake?

Mchana mmoja Bakari akiwa safarini, Bi Somoe alipitiwa na usingizi baada ya kuswali. Mama alivaa baibui, akanishika mkono, tukaivuka ile miguu viatu vikiwa mikononi. Nilidhani tunakwenda kuniulizia shule. Tulifika karibu na stendi, mama akaingia kwenye banda lenye meza za kitambaa cha plastiki, akavuta kiti, akakaa.

"Mama, tunamsubiri nani?"

"Hatusubiri mtu. Tunakula."

Mimi sikuwahi kula chakula cha hoteli. Chakula nilichokijua kilitoka kwenye sufuria ninayoiosha mwenyewe. Mhudumu alipokuja akauliza, "Mnatumia nini?" niliona ni swali linalotaka ukweli, nikamjibu, "Mikono." Watu wa meza ya pili walicheka, na mama akacheka pia. Msinicheke ninyi. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu tutoke Somanga, na ningerudia ujinga ule kila siku.

Basi ikawa kila Bakari akisafiri na Bi Somoe akisinzia, sisi tunatoka, na akiba ya mama ya fedha za samaki ndiyo iliyotulisha. Tulikula supu ya pweza kwa mzee aliyepika kwenye banda la makuti. Tulikula chipsi mayai kwa vijana waliofungulia muziki mpaka vikombe vikatetemeka. Tulinunua ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini inayouzwa kwenye beseni, tukaimenya tukitembea. Nilijifunza mji wa Lindi kwa ulimi kabla sijajua jina la mtaa hata mmoja.

Lakini kulikuwa na jambo lililonitia aibu. Mama hakuwa akimaliza chakula. Alionja, akatulia, akaanza maswali. Nazi hii mmekuna leo? Huyu samaki ameletwa kutoka Sudi au ni wa hapahapa? Wateja wengi huja saa ngapi? Nani yuko jikoni? Mara moja aliomba aione sufuria. Niliinamia sahani yangu nikitamani kuingia ndani yake. Niliona mama amekuwa mtu wa madoido, ameolewa na mwenye lori na sasa anakagua vyakula vya watu.

Tuliendelea hivyo mpaka siku Bi Somoe aliponiita.

"Hebu lete mkono."

Nikampa. Akaupeleka puani, akafumba macho.

"Bajia," akasema.

Nyuma yangu mama alisimama kama mti.

"Za dengu au za kunde?"

"Za kunde, bibi."

"Wametia kitunguu cha majani?"

"Wametia."

Akaurudisha mkono wangu taratibu, akaendelea na ukili wake. Kisha akasema bila kuinua uso, "Nyama siiwezi, meno hayapo. Lakini bajia ya kunde naitafuna." Akamgeukia mama. "Na mwanangu akiniuliza, sitamdanganya. Mwombe Mungu asiniulize."

Tangu hapo hatukurudi bila kitu kilichofungwa kwenye karatasi. Alikula ameelekea ukutani, upande wa kanga umefunika mdomo, na hakuna aliyelitaja jambo hilo.

Hoteli ambayo mama aliirudia zaidi ilikuwa ya Mama Zehra. Alikuwa Mhindi wa palepale Lindi, mama wa makamo, miwani ikining'inia kifuani kwa mnyororo, na Kiswahili chake kilikuwa cha kusini kuliko changu. Jengo lilikuwa la zamani, karibu na bandari, lenye kuta nene na feni iliyozunguka kwa uvivu. Ijumaa walipika biriani. Siku nyingine chai ya maziwa, chapati, na mchuzi wa samaki ambao mama alipouonja mara ya kwanza alikunja uso na kusema, kwa Kimatumbi cha kwetu ili asieleweke, kwamba huo si mchuzi, ni maji yaliyopitiwa na samaki.

Siku ninayotaka kuwasimulia tulikaa meza ya kona. Mimi nilikuwa upande wa ndani, ukuta ubavuni, meza kifuani. Mama aliagiza chai na chapati, akasema anakwenda kunawa, akapita mlango wa jikoni. Akakawia. Chapati yangu iliisha. Chai yake ikashika utando. Nilikuwa nimeanza kukasirika nilipoinua macho nikamwona Bakari amesimama mlangoni.

Lori lilikuwa limeharibika njiani, akapata lifti ya kurudi. Madereva wengi walikula pale. Alikuja kutafuta chai kabla ya kwenda nyumbani. Alinitazama, akavitazama vikombe viwili, akaja akakaa mbele yangu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mama yako yuko wapi?"

"Ananawa."

Nilitazama pa kupita sikupaona. Huku ukuta, kule meza, mbele yeye. Kutoka jikoni ilikuja harufu ya maziwa yaliyoshika sufuria, na ilionekana hakuna mtu anayekwenda kuyaepua.

Mama alitokea, mikono imelowa mpaka viwiko. Alipomwona mumewe alisimama kidogo tu, kisha akaja akaketi kando yangu.

"Malizeni," Bakari alisema. "Mmekuja kula, kuleni."

Mama Zehra alimletea chai kwa mkono wake mwenyewe. "Karibu Bakari, siku nyingi," akasema, bila kumtazama mama yangu hata kidogo. Mama akavuta kopo la sukari akamtilia mumewe, anakoroga, na mkono wake ulitetemeka mpaka kijiko kikagonga kikombe kwa mfululizo. Goti lake lilikuwa linagusana na langu chini ya meza. Nalo lilitetemeka. Bakari alikunywa chai ile polepole kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona akinywa chai.

Nyumbani hakupiga kelele. Alilichukua kufuli, akalitia mafuta, akalijaribu. "Sina hasira na ninyi," alisema. "Ni kwa heri yenu. Mji huu hamuujui." Alipopata safari nyingine ufunguo alimkabidhi mama yake, naye akaufunga kwenye pindo la kanga.

Masika yakatukuta ndani. Mvua ilipiga bati kutwa, na ule ukuta wa jirani ukaota ukungu wa kijani nikawa naujua doa kwa doa. Mama alipika wali bila nazi na nazi zikiwepo. Siku moja nilimwomba Bi Somoe anifungulie nisimame tu barazani. "Ufunguo ni wa mwanangu," alisema, na akaugusa kwenye pindo kama mtu anayegusa jino linalouma.

Ramadhani ilipokaribia, Bakari akiwa Dar es Salaam, asubuhi moja mama alioga, akavaa doti yake mpya ya kanga na baibui juu, akapiga magoti mbele ya mkeka.

"Mama, kuna jiko linanisubiri kwa Mama Zehra. Mfungo ukianza kabla sijafika atampa mtu mwingine. Sitoroki. Magharibi nimesharudi, na Bakari akija nitamwambia kwa mdomo wangu."

Bi Somoe alisuka mpaka ukili ukamwishia mkononi.

"Baba yake naye alinifungia," alisema. "Mlango huuhuu. Alipokufa nikafunguliwa, nikatoka mpaka pale kona. Nikasimama. Sikuwa na pa kwenda, sikumjua mtu. Nikarudi nikakaa hapa mlangoni."

Akalifungua fundo la kanga kwa meno ya pembeni, yale machache aliyobakiwa nayo.

"Mchukue na mtoto," akasema.

Bakari alirudi wiki ile, na mama alimwambia kama alivyoahidi, akiwa amesimama wima katikati ya sebule. Yeye alimgeukia mama yake.

"Nani amemfungulia?"

"Mimi."

"Kwa nini, mama?"

"Ufunguo si ulinipa mimi?"

Alitoka akaenda kukaa kwenye lori lake. Walijaribu kuelewana, wazee wakaitwa, mwisho akampa mama talaka yake kwa adabu mbele ya watu. Mama alilia kwelikweli, kwa maana alimpenda. Tukapanga chumba karibu na hoteli, shule ikapatikana, na mchuzi wa Mama Zehra ukaanza kuitwa kwa jina la mama. Bi Somoe alikuwa akiletwa kwa bajaji siku za Alhamisi. Alikaa meza ya katikati, uso kwa watu, akitafuna bajia na kulalamika kwamba chumvi imezidi.

Niwaambie nilichokuja kukijua nikiwa nimeshaolewa. Tulikuwa jikoni kwangu, mimi na mama, nikamwambia kwamba bado naiota ile siku Bakari alipotukamata, na jinsi mkono wake yeye mama ulivyotetemeka kwenye kikombe.

Mama akaacha kukuna nazi.

"Nilikuwa nimetoka kupika," akasema. "Kule nyuma. Mama Zehra aliniambia: haya, nionyeshe huo mchuzi unaousema. Nikamwonyesha. Akala amesimama, akasema jiko ni langu, atanisubiri mpaka mfungo. Natoka na maneno hayo mdomoni, namkuta Bakari amekaa na wewe."

"Kwa hiyo hukuogopa?"

"Kuogopa? Nilikuwa najizuia nisicheke. Ningecheka angedhani nimepata wazimu."

Miaka yote ile nilikuwa nimeyasoma vibaya maswali yake, sahani alizoacha nusu, na ule ukimya wa masika yote, ambao kumbe ulikuwa ukimya wa mtu anayelinda kitu kisidondoke. Na nilikuwa nimelisoma vibaya goti lake. Nilijibana ukutani siku ile nikiamini kwamba sisi wawili tumenaswa na yeye Bakari ndiye aliyetunasa. Kumbe mama alikuwa ameshatoka. Tuliokuwa tumefungiwa kwenye meza ile tulikuwa mimi na Bakari.