Mboga za Kanisa Mbele ya Waziri

Sidonie Mwenze alikuwa amebakiza viti sita tu vya kuwekewa karatasi pale macho yake yaliponasa kwenye mstari wa tisa.

Kwa miaka kumi na minne alikuwa mhudumu wa ukumbi katika Bunge la Mkoa wa Brussels. Kazi yake ilikuwa kuweka maji mezani, kugawa orodha za maswali, kupeleka vijikaratasi vya wabunge kutoka kiti hadi kiti, kisha kusimama ukutani mikono nyuma, uso hausemi kitu. Alikuwa ameyasikia maswali ya kila namna: miti iliyokatwa, kelele za ndege, mizinga ya nyuki juu ya mapaa, paa la parokia linalovuja. Yote yaliingia sikio hili yakatokea lile. Hili la tisa liligoma kutoka.

Liliandikwa hivi: swali la Mheshimiwa Yasmina kwa Waziri wa Mazingira, kuhusu udongo wenye madini ya risasi katika bustani ya mboga ya kanisa moja la Kiafrika katika mtaa wa Forest. Lingeulizwa Jumanne inayofuata.

Huko Forest, kanisa la Kiafrika lenye bustani lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa lake. Waumini walisali katika ghala la zamani, na nyuma yake palikuwa na kiwanja ambacho zamani kilikuwa karakana ya betri. Kina mama wa Lubumbashi, wa Kolwezi na wa kwao Likasi walikipalilia kwa miaka minne. Kiangazi walipanda lengalenga, ule mchicha wa kwao, baridi ikianza wanapanda kabichi. Tangu kiwanda cha magari cha pale Forest kifungwe, nyumba kadhaa za waumini zilikuwa zimebaki bila mshahara, na mboga zile hazikuwa tena za kujifurahisha. Zilikuwa chakula cha siku.

Sidonie alimaliza viti sita vile, hajui alivimalizaje. Akatoka ukumbini, akampigia binti yake simu.

“Keren, ile lengalenga ya dimanche, ulishaipika?”

“Ndiyo, maman. Tulikula jana, na ingine iko mu frigo. Juu ya nini?”

“Tupa yote.”

“Maman, kuko nini?”

“Tupa kwanza, mwanangu. Kesho uende kwa munganga, umuombe akupime plomb mu damu.”

Keren alikuwa na mimba ya miezi saba. Alijua plomb ni ile risasi, akauliza kwa sauti ndogo, “Plomb? Kama ile munatuambiaka ya kule Likasi?”

 Sidonie alikulia Likasi, mji wa migodi, ambako mvua ikinyesha mifereji iligeuka kijani, na mama yake alikuwa akimsugua mikono mpaka inauma kabla hajagusa bukari, ugali wa kwao. Alijua udongo unaweza kumfanya mtu nini. Na kila Jumapili, kwa mikono yake mwenyewe, alikuwa amempelekea binti yake mafungu mawili ya lengalenga.

Kazi ilipokwisha alipanda tramu moja kwa moja mpaka kanisani. Pasta Hénock alikuwa ofisini. Ndiye aliyemzika mume wa Sidonie, ndiye aliyembatiza Keren, na Sidonie hakuwahi kumpandishia sauti. Siku hiyo hata kukaa hakukaa; alimweleza swali la mbunge Yasmina, kisha akauliza.

“Pasta, bale batu bakuchukua udongo, bale balikuya mu mwezi wa ine na vile visachet, balitoa jibu gani?”

Pasta akainuka, akafunga mlango. Akavuta faili kabatini, akatoa barua ya Mkoa yenye majibu ya vipimo, akaiweka mezani. Tarehe ilikuwa kumi na mbili Juni. Sasa ilikuwa Septemba.

“Nilisaini miye mwenyewe,” alisema. “Bon, ukae kwanza, maman Sidonie. Unajua dossier yetu ya kutambuliwa na serikali iko kwa ministre. Miaka six tunangojea. Bakisikia sumu, batatufunga. Nikasema, acha jibu ya dossier itoke kwanza, kisha nitaambia batu.”

“Na batu banakula.”

“Niliomba. Kila siku nilikuwa naombea ile bustani.”

“Keren iko na mimba, Pasta.”

Akaipanga barua ile ilingane na ukingo wa meza. Halafu akasema kile ambacho Sidonie alikiogopa tangu anashuka kwenye tramu.

“Uko pale karibu na ule député. Umwambie aondoe ile question. Ata mwezi moja tu.”

“Dimanche utaambia batu weye mwenyewe,” Sidonie alisema. “Kama hutasema, nitasema miye.”

Siku zilizofuata hakutulia mahali. Mwenzake Cédric, mhudumu wa siku nyingi kuliko yeye, alimwona amebeba jagi la maji kwenye ukumbi ambao haukuwa na kikao, akamuuliza kulikoni. Sidonie akamuuliza kwa kuzungukazunguka: kama mhudumu ameona jambo kwenye orodha ya maswali, anaruhusiwa kulisema nje?

“Orodha iko kwenye intaneti, yeyote anaisoma,” Cédric alisema. “Lakini humu ndani, Sidonie, sisi hatuna maswali. Tunabeba maji.”

Alhamisi Mheshimiwa Yasmina aliomba kahawa. Jirani wa kanisa, ambaye udongo wake pia ulipimwa, ndiye aliyekuwa amemwandikia mbunge huyo kuhusu bustani ile. Alihisi kwamba wale watu wa upande wa pili wa ukuta hawakuambiwa, maana kila akichungulia aliwaona wanavuna. Yasmina alikuwa mmoja wa wabunge wachache waliomwita Sidonie kwa jina lake. Sidonie aliweka kikombe mezani, akabaki amesimama. Alikuwa na maneno mawili mdomoni, moja la kumwomba aliondoe swali, lingine la kumwomba asithubutu kuliondoa, na hakujua lipi lingetangulia.

“Ndiyo, Sidonie?”

“Mheshimiwa anatumia sukari?”

Yasmina alimtazama kwa mshangao. Miaka mitano Sidonie alikuwa anamletea kahawa ile, na miaka mitano haikuwa na sukari.

Ijumaa Sidonie alishuka kituo cha Porte de Namur, akaingia Matonge, mtaa wa maduka ya Kiafrika, kununua mboga. Dukani lengalenga ilikuwa imefungwa mafungu mazuri, bado ina umande. Alishika fungu moja, akaligeuza, akakagua mizizi kama mtu anayetafuta maandishi. Muuzaji akamuuliza, “Maman, kuko shida?” Akalirudisha, akatoka mikono mitupu. Jioni hiyo alikula wali na samaki wa kopo.

Jumapili Pasta Hénock alihubiri vizuri kuliko kawaida. Baada ya mahubiri yakaja matangazo: ndoa ya mwezi ujao, mazoezi ya kwaya, watoto wasichezee mlango wa nyuma. Sidonie alisubiri. Pasta akafunga daftari lake la matangazo, akainua mikono kutoa baraka, na kina mama watatu wa nyuma walikuwa tayari wamechukua vikapu vyao kwenda bustanini.

Sidonie akasimama. “Pasta, naomba niseme neno moja.”

Hakungoja kuruhusiwa. Aliwaambia yote kwa pumzi moja: udongo una plomb, barua ilikuja mwezi wa sita, Jumanne Waziri ataulizwa Bungeni, na yeyote aliyekula, hasa watoto na wenye mimba, aende akapimwe. Sauti yake ilifika mpaka mlangoni.

 Kanisa zima likapasuka kwa kelele.

Maman Emmanuella, mama wa Kolwezi aliyepiga jembe la kwanza la bustani ile, alimgeukia yeye kwanza. “Weye Sidonie, leo njo unasema? Unafanya kazi mu Bunge miaka yote, na tunakula pamoja!”

“Nilijua mardi hii, siku tano tu, maman. Naapa.”

“Anauza kanisa!” mtu mmoja alipiga kelele kutoka upande wa wanaume. “Bazungu batafunga mlango juu yake!”

Emmanuella akamnyamazisha kwa mkono, akatazama mbele. “Pasta. Ni kweli?”

Pasta Hénock alikuwa bado ameshika kipaza sauti. “Ni kweli,” alisema, na neno likatoka kubwa kuliko alivyotaka, likajaa ghala lote. Akaweka kipaza sauti chini, akatoka kwa mlango wa pembeni. Baraka haikutolewa. Watu walitawanyika wakibishana mpaka kituo cha tramu, na kina mama wawili walikwenda bustanini wakang'oa lengalenga kwa hasira, mpaka Sidonie alipowakimbilia kuwaambia wasiushike udongo ule kwa mikono.

Jumanne alifika kazini mapema. Aliweka maji, aliweka karatasi. Saa nane na nusu mlango wa wageni ukafunguliwa, na wa kwanza kuingia alikuwa Maman Emmanuella, amevaa kitenge chake cha sikukuu, nyuma yake kina mama wengine watatu. Sidonie ilimpasa kuwaonyesha viti kama anavyowaonyesha wageni wote. Emmanuella alimpita bila kumsalimia.

Swali la kwanza likaulizwa, la pili, la tatu. Sidonie alibadilisha mguu wa kusimamia mara nyingi hata Cédric akamkodolea macho. Lilipofika la tisa, Yasmina alisoma kwa dakika mbili. Mkoa ulijua nini kuhusu udongo ule? Tangu lini? Kwa nini watu waliachwa walime na kula?

Waziri akajibu, anasoma karatasi aliyoandikiwa. Barua ilitumwa tarehe kumi na mbili Juni na ikapokelewa kwa saini ya msimamizi wa mahali. Vipimo vya damu vilikuwa bure na vingeendelea kuwa bure. Kulima kungewezekana katika masanduku ya mbao yenye udongo safi, lakini misaada ya kilimo cha mjini ilikuwa ya Waziri mwenzake, aulizwe yeye. Na kama kanisa litatambuliwa au halitatambuliwa, mambo ya ibada yalikuwa ya Waziri mwingine tena. Akageuza karatasi. Amemaliza.

“Bwana Waziri!”

Vichwa vyote vikageuka. Maman Emmanuella alikuwa amesimama.

Mgeni haruhusiwi kusema. Mwenyekiti alimtazama Sidonie, wala hakuhitaji kusema kitu: kazi ya kumtoa mgeni anayeleta kelele ni ya mhudumu aliye karibu. Sidonie akatembea mpaka safu ya nyuma. Hatua zilikuwa kama kumi na tano.

“Maman, ikala,” alinong'ona, akimwonyesha kiti.

“Siikale. Ananiambia barua, ananiambia masanduku. Miye niko na swali moja tu.”

“Swali gani?”

“Ile tulishakula.” Macho ya Emmanuella yalikuwa makavu na makali. “Itatoka mu mwili, ao itabakia?”

Sidonie alikuwa na kijitabu na kalamu mfukoni, vya kazi. Akachana karatasi, akaandika swali lile kwa Kifaransa vile vile lilivyosemwa, akaikunja mara mbili. Vijikaratasi alivyobeba miaka yote vilitoka kwa mbunge kwenda kwa mbunge. Kutoka kwa mgeni havikubebwa kamwe. Alimkalisha Emmanuella kwa mkono begani, akateremka, akapita mbele ya Cédric, akamwekea Yasmina karatasi mezani, akarudi ukutani. 

Yasmina alikuwa na dakika moja ya kujibu. Aliifungua karatasi, akaisoma moyoni, halafu akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, akataja kwamba limetoka kwa mama aliyekaa nyuma. Waziri aliwageukia washauri wake wawili. Wakaangaliana. Mmoja akatikisa kichwa.

“Hilo sitaki kulijibu hovyo,” Waziri alisema hatimaye, na safari hii hakuwa akisoma popote. “Nitalijibu kwa maandishi.”

Siku ya tatu Sidonie aliitwa na mkuu wa wahudumu, akapewa onyo la maandishi. Cédric ndiye aliyeripoti, na alimwambia mwenyewe usoni kwamba ilimpasa. Sidonie alimwambia anajua. Tangu hapo wanakunywa kahawa meza moja kama zamani, ila mazungumzo yamepungua.

Plomb katika damu ya Keren ilikuwa imezidi kiwango, ingawa si sana. Daktari alimfuatilia kila baada ya majuma mawili, na kila mara Sidonie aliomba ruhusa kazini akamsindikiza. Mtoto alizaliwa Novemba, msichana, kilo tatu na robo, mwenye sauti. Atapimwa tena akifikisha miezi sita, na mpaka wakati huo bibi yake hana raha kamili. Aliyekutwa na kipimo kikubwa kuliko wote alikuwa Maman Emmanuella, kwa kuwa ndiye aliyekula kila siku.

Pasta Hénock alisimama mbele ya watu Jumapili ya pili, akaomba msamaha, akajiondoa madhabahuni kwa miezi mitatu. Wengine walimsamehe papo hapo, wengine walihamia kanisa lingine. Yeye na Sidonie wanasalimiana. Faili la kutambuliwa bado linangojea kwa Waziri wa mambo ya ibada, wala hakuna aliyelifunga ghala.

Jibu la maandishi lilitoka mwanzoni mwa Desemba, ukurasa mmoja na nusu. Sidonie alichukua nakala kama raia yeyote, akaenda nayo kanisani Jumamosi, kina mama walipokuwa wakifanya usafi. Walisimamisha mifagio, wakamzunguka. Akawasomea kwa Kiswahili, anatafsiri sentensi kwa sentensi. Mu damu, alisema, inapunguka kila mwezi, kama muntu ameacha kula ile majani. Lakini ile ilishaingia mu mifupa inaweza kukaa miaka mingi. Munganga atakuwa anaangalia.

Emmanuella alisikiliza akiwa ameegemea mfagio.

“Basi balijibu,” alisema.

“Balijibu, maman.”

“Sasa uandike ingine.” Akavuta kiti, akakaa, akamwonyesha Sidonie kiti cha pili. “Ya ule ministre wa kilimo. Tunahitaji masanduku makumi mawili, na iwe mbele ya mwezi wa tatu.”

Sidonie akakaa, akatoa kalamu.